Mjomba, nitayapataje maduka ya treni za modeli nikiwa ugenini?

Mjomba, shikamoo.

Najua barua nyingi unazopokea ni za ujenzi: gundi, rangi, nyaya. Yangu ni ya kutafuta. Mimi ni mama wa watoto wawili, na kazi yangu hunipeleka nchi za nje kwa mikutano na kozi fupi. Safari ikiangukia likizo ya shule, mume wangu na watoto hufuatana nami. Treni za modeli nimezipenda tangu usichanani. Sasa ninajenga stesheni ndogo ya njia mbili kwa skeli ya N, ile ndogo ya reli zenye upana wa milimita 9, juu ya ubao tunaousimamisha nyuma ya kabati wakati hautumiki. Karibu kila kichwa cha treni na kila behewa nililonalo nimelinunua safarini, maana ninakoishi hakuna anayeviuza.

Tatizo ni kuyapata hayo maduka. Usiku wa kwanza hotelini hufungua ramani ya simu na kuandika ninachotafuta. Yanakuja maduka ya midoli yenye treni za plastiki za watoto wadogo, au maduka ya droni na ndege za rimoti yasiyo na hata kipande kimoja cha reli. Likitokea lililo sahihi, basi liko mwisho wa mji. Kuna mji nilipanda tramu mpaka kituo cha mwisho, nikakuta pazia limeshushwa na karatasi imebandikwa mlangoni. Jirani akanieleza kwamba mwenye duka alistaafu zamani na hakupata wa kumwachia. Mji mwingine duka lilikuwa wazi na mzee mwenyewe mkarimu kabisa, lakini rafu zote zilijaa treni kubwa za bustanini. Tukazungumza vizuri, nikatoka mikono mitupu.

Mume wangu ni mvumilivu, lakini safari iliyopita watoto walichoka tukiwa bado tunahangaika na majina ya mitaa. Akaniambia kwa upole kwamba jambo hili ama liwe na saa zake zinazojulikana, ama tuliache nje ya safari za familia. Iliniuma, kwa sababu kwa upande wa watoto alikuwa na haki, na kwa upande wangu nafasi za kuingia duka la namna hii ni chache mno.

Kuna na la pili. Nikifika mbele ya kabati la vioo, furaha hunizidi hata nikashindwa kuchagua. Nimesikia kwamba treni za Kijerumani hutumia umeme wa aina nyingine, kwamba za Kijapani ni kubwa kidogo kuliko N ya kawaida, na kwamba kwenye uwanja wa ndege wanaweza kukunyang'anya. Sijui lipi ni kweli. Mwaka huu nina kozi kusini mwa Ujerumani, naenda peke yangu. Kisha likizo ndefu tutakwenda Tokyo sote wanne. Nisaidie kuzipanga safari hizi mbili ili nisirudi na masikitiko na nisiwachoshe wenzangu.

Mpwa wako,
Mpenda Reli Safarini

*

Marahaba, mpwa wangu.

Shida yako inaanzia pale hotelini, usiku ule wa kwanza. Duka la treni za modeli halitafutwi ukiwa umeshafika. Hutafutwa nyumbani, wiki mbili au tatu kabla ya safari, ukiwa na muda wa kuuliza na kujibiwa. Ukifika ugenini kazi iliyobaki iwe moja tu, kupanda treni ya mjini na kwenda pale unapotarajiwa.

Ramani ya simu inasoma mabango. Haijui kilichomo rafuni, na mara nyingi inaendelea kuonyesha duka ambalo mwenyewe ameshafunga na kukabidhi funguo. Anayejua nani anauza nini ni mtengenezaji, kwa sababu yeye ndiye anayepokea oda. Märklin, watengenezaji wa Ujerumani, wana ukurasa wa kutafuta wauzaji wao, unaandika jina la mji au namba ya posta na orodha inatokea. Hornby na Peco wa Uingereza wanao wao, na Walthers wa Marekani vilevile. Mimi huchukua watengenezaji wawili wanaotengeneza skeli ninayoitaka, nafungua orodha zao zote mbili, halafu naangalia ni duka gani limetajwa kote. Lililotajwa mara mbili huwa ni duka la treni kwelikweli, wala si la midoli lenye kona moja ya reli. Kwako wewe wa N, Ujerumani anza na Minitrix, ambayo iko chini ya Märklin, kisha Fleischmann. Hapo utakuwa umeshawaepuka wale wa treni za bustanini kabla hujafunga sanduku.

Ukishapata majina, ndipo ramani inakuwa na faida: kukuonyesha umbali, na picha za hivi karibuni ambazo wateja wamepiga ndani ya duka. Picha moja ya rafu itakuambia mengi kuliko nyota tano. Ukilazimika kutafuta kwa maneno, tumia maneno ya wenyeji. Ujerumani na Austria andika "Modelleisenbahn" au "Modellbahn", Ufaransa "modélisme ferroviaire", Italia "modellismo ferroviario", Uholanzi "modeltreinen", Japani nakili herufi zao, 鉄道模型. Hata Waingereza na Wamarekani hawaandiki kitu kimoja: wa kwanza wana "model railway", wa pili "model railroad", na matokeo hubadilika kabisa.

Sasa linakuja lile ambalo wengi wetu hatulifanyi, nalo ndilo linalookoa safari: mwandikie mwenye duka. Barua pepe ya mistari minne inatosha. Mweleze kwamba wewe ni msafiri wa skeli ya N, utakuwa mjini tarehe fulani, ungependa kupita saa fulani, na unatafuta hiki na hiki, kipya au kilichotumika. Muulize kama atakuwa wazi. Kama Kijerumani hukijui, andika sentensi fupi fupi na uzipitishe kwenye programu ya tafsiri. Sentensi fupi hazipotei njiani. Majibu yakija, umejua mambo matatu kwa mpigo: duka lipo hai, siku hiyo liko wazi, na mtu anakusubiri. Wengi watakuwekea kitu pembeni. Nimeshaona wenye duka wakishusha maboksi ya stoo kwa ajili ya mgeni aliyeandika mapema, maboksi ambayo mteja wa kupita hayaoni kamwe. Wiki ikipita bila jibu, lifute duka hilo na uendelee na linalofuata.

Usidhani nakusumbua bure kwa kukuandikisha barua. Maduka haya mengi yanaendeshwa na mtu mmoja au mtu na mkewe. Wikiendi mwenyewe anaweza kuwa kwenye maonyesho mji mwingine na meza yake ya mauzo. Wapo wanaofungua mchana tu, wapo wanaopumzika Jumatatu au Jumatano. Ujerumani Jumapili maduka ya kawaida hufungwa kwa sheria, na Jumamosi wadogo hufunga mapema. Na maduka yanazidi kupungua, kwa kuwa wenyewe wanazeeka na wanunuzi wanahamia mtandaoni. Hata wakubwa hawakusalimika: Hattons, moja ya majina makubwa kabisa ya biashara hii nchini Uingereza, walitangaza Januari 2024 kwamba wanafunga. Yule mzee aliyestaafu mwisho wa tramu hakuwa peke yake, na hili linanihuzunisha kweli, maana duka likifungwa huondoka na ujuzi wa miaka mingi ambao haujaandikwa popote.

Tuje Ujerumani. Kusini umebahatika. Göppingen, mji ulio kwenye njia ya reli kati ya Stuttgart na Ulm, ndiko Märklin walikoanzia mwaka 1859, na makumbusho yao yako hapohapo pamoja na duka. Nenda ukipata nusu siku, lakini nenda kwa ajili ya historia zaidi kuliko manunuzi. Fahari ya nyumba ile ni H0, yaani skeli ya 1:87 (treni iliyopunguzwa mara 87), na Z, ile ya 1:220 waliyoileta mwaka 1972. Mtu wa N hushiba zaidi kwenye duka la kawaida la mjini lenye kabati la vitu vilivyotumika. Nürnberg nayo ina makumbusho ya reli ya DB, shirika la reli la Ujerumani, na ndiko ilikozaliwa N yenyewe, kwa kampuni ya Arnold, mapema miaka ya 1960. Kile kiunganishi cha mabehewa unachokijua, cha mraba, ni chao. Maonyesho makubwa ya midoli ya Nürnberg, yale ya mwanzoni mwa mwaka, yaache. Ni ya wafanyabiashara tu, mlangoni hutapita.

Badala yake tafuta neno hili: "Modellbahnbörse". Ni masoko ya siku moja, hufanyika kwenye kumbi za michezo au za mikutano, meza kwa meza, watu wakiuza vilivyotumika na vilivyobaki. Mengi huangukia Jumapili, siku ileile ambayo maduka yamefungwa na kozi yako imepumzika. Kwa msafiri sijui kitu kizuri zaidi. Fika asubuhi mlango unapofunguliwa, beba pesa taslimu, na tembea ukumbi mzima mara moja kabla hujanunua chochote, kwa sababu behewa uliloliona meza ya pili huenda liko meza ya kumi kwa bei nafuu na boksi lake likiwa zima.

Kwenye vilivyotumika kuwa mkali, hata kama muuzaji ni mcheshi. Omba kichwa cha treni kiwekwe kwenye reli ya majaribio. Karibu kila duka na kila soko wanayo. Kiende mbele, kirudi nyuma, kiende polepole sana. Kikisita mwendo wa polepole pekee, huenda ni grisi iliyokauka au magurudumu machafu, na hayo utayarekebisha nyumbani. Kikitoa harufu ya kuungua, kirudishe. Tazama ile mipira myembamba iliyovishwa kwenye baadhi ya magurudumu ili yashike reli: ikishakuwa migumu au imepasuka, uliza kama kuna mipya ya modeli hiyo, na uinunue hapohapo. Kwa treni ya umeme angalia pantografu, ule mkono wa kupokea umeme juu ya paa, ndicho kiungo kinachovunjika kwanza. Na kwa modeli za zamani sana pindua uangalie chuma cha fremu. Kama kimevimba, kimepinda au kina nyufa ndogo ndogo kama za udongo uliokauka, huo ni ugonjwa wa zinki. Unatokana na uchafu, hasa madini ya risasi, uliochanganyika kwenye aloi wakati wa kuyeyusha, na hauna dawa. Fremu itaendelea kupasuka hata ukiifungia kabatini.

Kuhusu umeme, ulichosikia kina ukweli lakini hakikugusi. Ni H0 ya Märklin inayotumia mfumo wa njia tatu za umeme, wenye pini katikati ya mataruma na asili yake ni mkondo geu. Magurudumu yake hayakutengwa, kwa hiyo ukiyaweka kwenye reli za mfumo wa njia mbili yanaleta shoti. N ya watengenezaji karibu wote ni ya njia mbili za umeme na mkondo mnyoofu. Siku ukinunua zawadi kwa rafiki wa H0, muulize kwanza yeye ni wa mfumo gani, kisha umtajie muuzaji waziwazi, kwa sababu modeli ileile huuzwa kwa mifumo yote miwili na maboksi hufanana. Kama unafikiria dijitali, yaani kuiamuru kila injini peke yake kwa ishara za umeme, uliza soketi ya dikoda, kile kifaa cha ndani kinachopokea ishara hizo, ni ipi. N mpya za Ulaya nyingi zina soketi iitwayo Next18, za kabla yake zina ya pini sita. Za Kijapani nyingi hazifuati utaratibu huo, na kuziwekea dikoda ni kazi ya kuuliza modeli kwa modeli.

Hilo la Kijapani kuwa kubwa kidogo ni kweli, na sababu yake inapendeza. Geji ya N, yaani upana kati ya reli zake mbili, ni milimita 9 kila mahali, kwa hiyo treni yoyote ya N itasimama kwenye reli zako. Kinachotofautiana ni ukubwa wa mwili. Ulaya bara na Marekani ni 1:160, Uingereza 1:148, Japani 1:150. Treni nyingi za Japani hupita kwenye reli nyembamba ya milimita 1,067 na miili yake ni midogo, kwa hiyo zilikuzwa kidogo zisionekane vibaya juu ya magurudumu ya N. Shinkansen, treni yao ya mwendo kasi, inapita kwenye reli ya milimita 1,435, hivyo modeli zake zimebaki 1:160. Maana yake kwako ni ndogo: usiunganishe behewa la Kijapani na la Kijerumani kwenye treni moja, na usiweke majengo yao bega kwa bega. Zikipishana kwenye njia mbili tofauti, jicho halitalalamika.

Tokyo ndiko utakakofurahi, mpwa wangu, kwa sababu Japani N ndiyo mfalme. Nyumba si kubwa, treni ni nyingi, na tangu Kato, watengenezaji wa hukohuko, walipotoa injini yao ya kwanza ya N mwaka 1965 skeli hiyo imeshika nchi nzima. Kato wenyewe wana kituo chao cha maonyesho na mauzo mtaa wa Nishi-Ochiai, karibu na stesheni ya Ochiai-minami-nagasaki kwenye njia ya Oedo ya treni za chini ya ardhi. Kuna meza kubwa za reli zenye treni zinazotembezwa, na kuna vipuri, vitu ambavyo maduka mengine hayahangaiki navyo. Akihabara, mtaa mwingine wa Tokyo, ina yote mengine: ghorofa za hobi ndani ya maduka makubwa ya vifaa vya umeme, na maduka ya vilivyotumika ambako kila boksi lina karatasi ndogo ya hali ya kitu kilichomo. Wajapani huandika kasoro kwa uaminifu unaogusa moyo, hata mkwaruzo usiouona. Ukiona maandishi mengi kwenye karatasi, elekeza simu ikutafsirie kabla ya kulipa.

Na hapo ndipo jambo la mume wako na watoto linapopata njia. Baadhi ya maduka, Popondetta wa Akihabara wakiwemo, wana meza kubwa za reli za kukodi kwa saa. Mteja huleta treni yake au huazima ya duka, anakaa kwenye kiti, na kuiendesha kupita katikati ya miji na madaraja ambayo hapana mmoja wetu mwenye nafasi ya kuyajenga. Wape watoto saa moja hapo huku wewe ukichungulia kabati. Siku nyingine nendeni nyote Omiya, kaskazini ya Tokyo, kwenye makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka 2007, yenye treni halisi za kupanda ndani na modeli kubwa inayoendeshwa. Hiyo ni siku ya familia kamili, hata kwa asiyejali geji wala skeli.

Lakini mume wako amekuambia jambo la maana na nakuomba ulichukue kama lilivyo. Hakukukataza. Amekuomba saa. Mpe saa hizo kabla hamjapanda ndege: asubuhi fulani, kutoka saa nne hadi saa saba, mama yuko dukani, baba na watoto wako mahali fulani, tunakutana stesheni fulani. Duka moja kwa safari ya familia, labda mawili Tokyo kwa kuwa Ochiai na Akihabara si mbali kwa treni. Ukifika na barua ya mwenye duka mkononi na stesheni ya kushukia unaijua, saa hizo tatu ni nyingi. Kilichowachosha watoto ni kule kuzunguka mitaani mkitafuta, na huko sasa kumeondoka.

Swali la kuchagua lina jibu langu mwenyewe, na wenzangu wengi wa reli hawakubaliani nami: nunua treni uliyoipanda. Usianze na kilicho maarufu wala kilicho adimu. Siku ya kwanza mjini simama jukwaani, tazama treni zinazopita, ipande moja, ipige picha ubavuni mahali namba ya aina ilipoandikwa, kisha peleka picha hiyo dukani. Muuzaji atajua mara moja. Treni hiyo itakuwa na maana kwenye ubao wako kila utakapoiwasha, na watoto wataitambua. Baada ya hapo, nafasi iliyobaki kwenye begi ijaze vitu vidogo ambavyo posta yake ni ghali kuliko vyenyewe: mipira ya magurudumu, viunganishi, sanamu za abiria, taa. Reli za kawaida ni nzito, na zinakuja vizuri kwa posta. Ukizinunua Japani kumbuka kwamba reli za Kato na za Tomix, watengenezaji wengine wa huko, hazishikani bila kipande maalumu cha kuziunganisha.

Kitu kimoja usinunue ugenini bila kusoma nyuma yake, nacho ni kidhibiti mwendo au transfoma. Japani umeme wa ukutani ni volti 100, Marekani 120, Ulaya 230. Kifaa cha volti 100 ukikichomeka kwenye 230 kinaungua, na kinaweza kuunguza na zaidi ya hapo. Kama kimeandikwa 100–240, ni salama. Kama hakikuandikwa hivyo, kiache rafuni.

Uwanja wa ndege usikuogopeshe. Injini na mabehewa beba kwenye mzigo wa mkononi, ndani ya maboksi yake, bila karatasi za zawadi wala gundi ya kufungia. Chuma cha injini huonekana kizito kwenye eksirei na huenda wakaomba kuangalia. Mwoneshe ofisa mwenyewe, polepole, na utashangaa ni wangapi kati yao wanaotabasamu. Vinavyozuiwa ni vimiminika vya kuwaka: rangi za mafuta, kiyeyusha rangi (thinner), rangi za kupuliza, gundi zenye kiyeyushi kikali, mafuta ya moshi wa injini, dawa ya kusafishia reli. Hivyo havipandi ndege, si mkononi wala kwenye sanduku. Visu vya kukatia na vifaa vyenye ncha weka kwenye sanduku la chini.

Kodi ya ongezeko la thamani inaweza kurudi kwa anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya, mradi kwa Ujerumani risiti izidi euro 50. Duka linakupa fomu ukionyesha pasipoti, na forodha wanaipiga muhuri kwenye kituo cha mwisho cha kutoka Umoja wa Ulaya, wakitaka kuona bidhaa haijatumika. Kwa hiyo fomu kwanza, kukabidhi mizigo baadaye. Maduka madogo mengine hayashughulikii fomu hizo, basi uliza kwenye ileile barua pepe ya kwanza. Japani imekuwa ikiondoa kodi palepale kaunta kwa manunuzi ya yen 5,000 na zaidi. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2026 utaratibu unageuka, mgeni analipa yote kisha anarudishiwa akiondoka. Angalia tarehe ya safari yenu iko upande upi. Risiti zote zitunze kwa ajili ya forodha ya nyumbani pia.

Limebaki jambo moja ambalo hukuniandikia, nami nalihitaji kabla hujafika mbele ya kabati la Kato. Kona zako ni za nusu kipenyo cha milimita ngapi? Reli za Kato zina kona za 249, 282, 315 na kuendelea, na mabehewa marefu ya Shinkansen yanataka kona pana kuliko injini fupi ya mizigo. Boksi huandika kiwango cha chini. Pima ya ubao wako wiki hii, namba hiyo iandike kwenye simu pamoja na orodha ya ulivyonavyo, kisha nitumie. Kama ni ndogo kuliko 282, nitakutajia seti fupi za mabehewa mawili au matatu za kuulizia Tokyo.

Mjomba wako